Upo wa mchanga: kujitengenezea vyombo vya kuchimbia ufukweni kwa wenye mashine ya kutafutia vyuma

Siku ya kwanza niliyoshuka pwani na mashine, sikuwa na chombo cha kuchimbia. Nilikuwa na mikono yangu, na chujio la tui la mama nililolichukua jikoni bila kuaga. Mchanga wa juu pale Jambiani, Unguja, ni laini kama unga, nikaona vinatosha. Mashine ikalia, nikafukua, nikachota kwa chujio, nikalipitisha chini ya sahani ya mashine, ile duara ya chini inayohisi chuma, nione kama kitu kimo. Ikalia. Nikamwaga, nikapekua kwa vidole, hamna kitu. Nikachota tena, ikalia tena. Robo saa nzima nahangaika na shimo lililokwisha kuwa kisima, ndipo nikatanabahi kuwa kinacholia ni chujio lenyewe, la alumini. Kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye kifusi nyuma ya kisigino changu: kifuniko cha soda. Nyumbani nikapokewa na swali, "Chujio langu li wapi?" Lipo, lakini limepinda.

Tangu hapo nimeshatengeneza vyombo kadhaa vya kuchotea na kuchuja mchanga, naviita upo kama kile chombo cha kutolea maji ngalawani, na vingi vimenivunjikia mkononi. Hapa nitaeleza vile vilivyobaki. Kipo cha dumu, kipo cha bomba la plastiki, na kipo cha chuma. Cha dumu utakimaliza kabla birika halijachemka, basi sitakaa hapo sana.

Ujue kwanza unachimba mchanga gani

Mchanga mkavu, ule wa juu ya mstari wa maji kujaa, unatiririka. Ukichota, kingo zinaporomoka na kitu kinazama zaidi. Huko unataka chombo chepesi, cha mdomo mpana, kinachochuja haraka. Mchanga mbichi unaoachwa na maji yakipwa umeshikana, unavuta, na plastiki ndani yake hupinda kama kiatu cha mpira. Tena upande wetu wa mashariki, kuanzia Paje hadi Makunduchi, sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Huko ni chuma. Nimejaribu kutafuta chombo kimoja cha kazi zote mbili, nikapata kitu kizito kwenye mkavu na dhaifu kwenye mbichi.

Sababu ya pili ya kutenganisha ni mashine yenyewe. Chombo cha plastiki unaweza kukipitisha na mchanga wake chini ya sahani ukajua papo hapo kama umekipata kitu. Cha chuma hukiwezi hivyo, kwani kitalia chenyewe kama lile chujio.

Upo wa dumu

Kijiji chochote cha wavuvi utaona dumu lililokatwa likifulia maji ngalawani. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, lenye mkono. Acha kifuniko kimefungwa. Lishike mkono ukiwa juu, kisha kata tako lake kwa mshazari, upande wa chini ubaki mrefu kuliko wa juu, uwe kama ulimi. Upande huo wa chini, unaotazamana na mkono, utoboe tundu nyingi kwa msumari mnene uliopashwa moto. Basi, umekwisha. Hauna chuma hata chembe. Ulimi wake hujikunja ukikutana na mchanga wenye unyevu, lakini kwa mkavu, au kwa mtoto anayekufuata pwani na kutaka kuchimba naye, unafaa sana. Ndio wa kujaribia kabla hujatumia pesa.

Upana wa tundu

Hapa ndipo wengi hukosea. Tundu pana huchuja haraka lakini hupoteza, tundu nyembamba hubakisha kila kitu, pamoja na nusu ya mchanga wa pwani. Pete ya mtu mzima ina upana wa milimita 20 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, na sarafu zetu za kawaida zimezidi hapo au zinakaribia. Hata zikisimama wima, haziwezi kupita kwenye tundu ya mviringo ya milimita 10. Kwa hiyo 10 ndiyo ninayoitumia siku zote. Hereni ndogo na kipini cha pua vitapita, na mkufu uliokatika utajipenyeza kama nyoka. Ukiitwa kutafuta kitu kama hicho, uache upo, ubebe chekeche: fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, na wavu wa chuma wa tundu nyembamba kuliko hicho unachokitafuta, uliogongomelewa chini yake, kama lile la mafundi wa plasta ila dogo. Watu wawili, mmoja anachota, mwingine anatikisa. Kazi yake ni polepole na inachosha mgongo, lakini kipini cha mtu kinapatikana.

Upo wa bomba la plastiki

Huu ndio ninaoutumia zaidi. Vifaa vyake ni kipande cha bomba la inchi 4 la maji machafu, kofia yake ya mwisho, gundi ya bomba, mpini mfupi wa mti, mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia, msumeno wa chuma, tupa na msasa. Bomba usinunue zima. Nenda panapojengwa, umwombe fundi vipande alivyobakiza. Chagua kinene: kibane kwa viganja viwili, kikibonyea kwa urahisi kiache.

1. Kata kipande cha sentimita 35, ncha zote mbili ziwe sawa.

2. Chora mstari mmoja mgongoni na mwingine tumboni, kwa urefu wa bomba. Kutoka nyuma pima sentimita 23 kwenye mstari wa mgongoni, utie alama. Tumboni mwisho wake ni palepale kwenye 35. Sasa chukua ukanda wa gazeti, uuzungushe kutoka alama ya juu hadi ncha ya chini, kila upande, upitishe kalamu kuufuata. Umepata mdomo wa mshazari. Kata kwa msumeno ukianzia mgongoni, taratibu. Ukianzia kwenye ncha, plastiki hupasuka ukiwa karibu kumaliza.

3. Tia alama za tundu kabla hujatoboa hata moja. Ziachane sentimita mbili na nusu, na safu zipishane, tundu ya safu hii ikae kati ya tundu mbili za safu ya jirani. Upo wangu wa kwanza niliupanga mistari iliyonyooka, ukapendeza machoni. Siku nilipoutumia Nungwi, mchanga ukiwa na unyevu kidogo, ulichanika kwa mstari wa tundu kama karatasi ya stempu. Mdomoni acha sentimita 4 bila tundu. Mgongoni acha ukanda wa sentimita 6 wa kufungia mpini. Nyuma acha mahali pa kofia. Kwenye wangu zilitoka tundu kama 90.

4. Toboa. Mwenye drili atumie drili. Asiye nayo atafute vipande viwili vya nondo ya milimita 10, vya urefu wa mkono, awashe makaa nje. Kimoja kinakaa motoni, kingine kinatoboa, unabadilisha. Shika kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara kadhaa. Nondo ikiwa moto sawasawa inapita kwa kuguswa tu; ukiona unasukuma, irudishe. Na jihadhari na moshi wake. Plastiki hii ina klorini ndani, na moshi wake unachoma koo na macho. Kaa upande upepo unakotoka, usifanye ndani wala barazani walipokaa watu, na usitumie jiko la kupikia. Tundu za moto huacha midomo iliyovimba ndani na nje, ikwangue kwa kisu, maana ya ndani ndiyo inayozuia mchanga kutoka.

5. Itoboe na kofia, tundu kumi na mbili hivi. Kisha kwangua kwa msasa pande zitakazogusana, paka gundi, sukuma, zungusha robo, acha. Waache wanaosema nusu saa inatosha; mimi naacha mpaka kesho yake.

6. Mpini. Kipande cha mti cha sentimita 40, unene wa kushikika vizuri. Nusu yake inalala mgongoni mwa bomba, nusu inatokeza nyuma. Usitumie misumari wala skrubu, sababu unaijua. Toboa jozi nne za tundu ndogo kwenye bomba, pande mbili za mpini, ushone kwa mshipi. Kila jozi ipite mara tano au sita, vuta kwa nguvu zako zote, funga. Halafu pigilia kabari nyembamba za mti baina ya mshipi na mpini mpaka uzi ulie ukiupiga kidole. Mitepe, vyombo vya bahari vya zamani, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na ikakata bahari; mpini wa upo nao utahimili.

7. Mdomo uunyoe kwa tupa mpaka uwe mwembamba, kisha msasa, usije ukakukata vidole.

Ujaribu nyumbani kwanza. Tia sarafu ya shilingi 50 na pete ndani ya mchanga mkavu, chota, tikisa mara tatu nne. Mchanga wote uwe umetoka na vyote viwili vimebaki. Ikikubidi kutikisa sana, ongeza tundu tumboni, ambako mchanga unalalia.

Upo wa chuma

Huu utahitaji fundi wa kuchomelea, isipokuwa kama fundi ni wewe. Nilipompelekea wangu mchoro, aliutazama, akaugeuza, akaniuliza, "Sheikh, hii kata ya uji wa mahabusu?" Nikamwambia ya kuchotea mchanga. Akaniangalia kama ninayemficha jambo.

Tafuta kwenye vyuma chakavu bomba la inchi 6 lenye unene wa milimita 2 hivi, ukate urefu wa sentimita 22. Ukipata la chuma kisichoshika kutu umebahatika, lakini siyo kila fundi anayeweza kulichomelea. Mdomo wake ukatwe mshazari kama ule wa plastiki, ila mfupi zaidi, ulimi usizidi sentimita 6, kwa sababu ulimi mrefu wa chuma chembamba ukigonga mwamba hujikunja. Kisha mwambie fundi mambo haya kabla hajawasha mashine yake, maana akishachomelea hatarudi nyuma.

Ikiwa bomba limepakwa zinki, lile la kung'aa la maji, asage zinki yote panapochomelewa mpaka kionekane chuma kitupu, na afanye kazi penye upepo. Moshi wa zinki humtia mtu homa na mwili kuuma usiku wake. Mafundi wengi wanalijua hilo, na wengi hawalijali.

Tundu zitobolewe kabla ya kuunganisha kitu chochote, za milimita 10 au 12. Tundu mia kwenye chuma zinamaliza ncha za drili, basi ujanja wa kupunguza ni huu: nyuma usitie bamba. Mwambie apange nondo za milimita 6, za kwenda na za kukatiza, nafasi ya milimita 10 baina yake, kama grili ya dirisha; zikienda upande mmoja tu, sarafu iliyosimama wima itapenya. Mchanga unatoka nyuma kwa wingi, na tundu za ubavuni zinaweza kuwa chache.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni pembe ya mpini. Jembe, mpini na bamba lake vimekaribia kukutana mraba. Koleo limenyooka moja kwa moja. Upo wa chuma ukae katikati ya hivyo viwili. Ukielekea sana kwenye jembe, huwezi kuukanyaga ukazama. Ukielekea sana kwenye koleo, unazama vizuri lakini kuunyanyua na mzigo wake ni kazi ya mtu wawili. Ushikizwe kwa kuchomelea kidogo tu kwanza, simama nao, kanyaga, vuta, urekebishe, ndipo afunge moja kwa moja. Mpini uwe bomba la inchi moja, na urefu wake ufike kitovuni kwako ukiwa umesimama na upo umekaa chini. Juu ya ukingo wa nyuma atie kipande cha chuma bapa cha kukanyagia, upana wa kiatu.

Na asisahau mkono wa pili, kipande cha nondo nene kinachotoka katikati ya mpini kwenda nyuma ya upo, vifanye pembetatu. Wangu wa kwanza haukuwa nao. Siku ya kwanza, chota ya nne, shingo ikakatika nikabaki na fimbo mkononi, na kuurudisha kijijini vipande viwili mchana kweupe, watu wameketi barazani, si jambo ninalolitaka tena.

Ukikabidhiwa, uweke begani utembee nao kama dakika kumi. Ukiona bega linalalamika, rudi, fundi apunguze mpini au aongeze tundu.

Ukifika pwani

Maji ndiyo yanayopanga. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na huku mashariki maji yanatoka mbali sana. Maji mafu hayakupi nafasi hiyo. Mimi hushuka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, nayafuata yakitoka, na yakigeuka nami nageuka. Mchanga wetu mweupe ni wa matumbawe, una chuma kidogo, mashine hutulia juu yake. Lakini ukiloa maji ya chumvi, mashine nyingi za masafa mamoja (frikwensi moja tu) huanza kupayuka. Punguza ukali wake badala ya kuchimba kila inapolia.

Upo wa chuma uuweke hatua mbili kutoka kwako unapopekua. Ukishapata mahali, pigia msalaba kwa sahani mpaka ujue katikati yake, kisha usichome mdomo pale pale. Rudi nyuma kiasi cha shibiri, kanyaga, zamisha, vuta mpini kwako, inua. Kwa hiyo ulimi unapita chini ya kitu badala ya kukikwaruza. Mwaga pembeni mahali pamoja, si huku na huko. Pitisha sahani juu ya shimo: likinyamaza, kitu kimo kwenye ulichomwaga. Likilia, chota tena kutoka upande uleule. Penye maji ya magoti husukasuka upo majini tu, mchanga unajiondokea.

Kisha fukia. Papo hapo, kabla hujaangalia vizuri ulichopata. Usiku wanapita watu wa pweza na taa zao, asubuhi wanapita kina mama wa mwani na magunia kichwani, na shimo lililojaa maji halionekani. Vigingi na kamba za mwani usizisogelee, maana kila mstari una mwenyewe. Juu ya mstari wa maji kujaa, panapokuwa na alama ya kiota cha kasa au nyayo zake pana kama za trekta, ondoka kabisa. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili.

Kabla ya yote hayo, mpitie sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani. Mtu anayechimba peke yake alfajiri na chombo cha ajabu anaulizwa maswali, na ni vizuri majibu yawe yameshafika. Mbele ya hoteli, sema na mwenye hoteli vilevile. Na papo mahali pasipochimbwa kamwe na mtu kama sisi: Unguja Ukuu, Fukuchani, Ras Mkumbuu na magofu mengine. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu kule Pemba zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na vitu vya namna hiyo wataalamu huvisoma vizuri vikikutwa vilipokuwa, na mchanga wake na vigae vyake. Angezichota mtu kwa upo, leo zingekuwa fedha tu. Hata huku ufukweni, ikikutokea pesa ya shaba ya Sultan Barghash, ile yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, simama hapo hapo, piga picha, ukawaambie watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Mara nyingi, lakini, hakitatokea kitu cha kumwambia mtu. Utapata vifuniko vya soda, ndoana, misumari ya mashua, na chubwi za nyavu. Beba mfuko, usirudishe mchangani. Chubwi ni za madini ya risasi, yana sumu, osha mikono kabla ya kula.

Kuutunza

Plastiki haina makuu, ila usiiache juani. Jua la miezi michache huikausha ikawa kama biskuti. Chuma kioshe kwa maji ya bomba siku ileile, hasa kwenye maungio na ndani ya mpini, kausha, pitisha kitambaa chenye mafuta ya nazi. Mafuta machafu ya injini usitumie, yatarudi mchangani kesho yake. Wazee wamenishauri sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo. Yanazuia kutu kweli, nimeyajaribu. Ila upo huo sasa unalala nje, juu ya paa la banda la kuku, na paka wote wa mtaa wanajua ulipo.